Vidonge vya Jembe na Ziwa Langu la Kushoto

Nywele zimeota tena. Zimeota laini kama za mtoto mchanga, zimejikunja, na zina kiburi: nikizichana kulia zinalala kushoto. Jirani yangu Mama Shukuru ananiambia, "Mama Gadi, hizi si zako, umeziokota Mwanza." Namjibu, "Basi mwenyewe akija mwambie hanioni." Nacheka sana siku hizi. Nacheka, halafu nakasirika, halafu nacheka tena. Ukinikuta njiani Kasulu naongea peke yangu, usinihurumie. Nina mengi ya kusema na watu wa kuyasikiliza hawatoshi.

Naitwa Devota. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nina mume, nina watoto wawili, Gadi na Anitha, na nina ziwa moja. Lile la kushoto walilikata kwa sababu ya kansa. Nayaandika haya kwa ajili ya mwanamke ambaye sasa hivi mkono wake umo ndani ya blauzi, anabonyeza kitu, anajiambia kesho kitakuwa kimeondoka. Dada, hakiondoki. Soma upesi, halafu vaa viatu.

Kwetu, kijiji cha pembeni mwa mji wa Kasulu, wanawake tunalima kwa zamu. Leo kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa yule, mpaka mashamba yote yaishe. Mwenye shamba anapika ugali wa muhogo na maharage, na dagaa mambo yakiwa mazuri. Na anatoa vidonge. Hilo mgeni akisikia anashangaa. Asubuhi, kabla jembe halijagusa udongo, mwenye shamba anapita na vidonge vya maumivu kiganjani, anagawa viwili viwili, na kikombe cha maji kinazunguka. Mnameza, ndipo mnainama. Tunaviita vidonge vya jembe. Asiyetoa anasemwa msimu mzima: "Yule? Si alitulimisha kavu!"

Na hakuna anayeumwa wakati huo. Tunameza kwa ajili ya mgongo wa saa nane mchana, maumivu ambayo hata hayajafika. Mara diklofenaki, mara asprini, mara vya rangi ya waridi vilivyokatwa dukani bila jina wala tarehe. Nimevimeza tangu nilipoolewa. Nimevimeza nikinyonyesha. Nisingemeza wangesema najifanya msomi.

Basi mvua za kwanza zilipofika, tunapanda maharage, nilikuwa nimekaa kwenye tuta namnyonyesha Anitha. Mkono ukagusa kitu. Kigumu, kidogo, kama harage kavu lililopotea chini ya ngozi. Nikamwita Mama Shukuru, akabonyeza.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Basi maziwa yameganda hayo. Meza viwili usiku, yatayeyuka."

Nikameza. Kesho yake shambani kwa mwenzetu mwingine akanipigia kelele kutoka tuta la tatu, "Mama Gadi! Linauma?"

"Haliumi!"

"Si nilikuambia? Dawa imefanya kazi!"

Rudia hapo. Lilikuwa haliumi kabla ya kidonge, likawa haliumi baada ya kidonge, na wanawake wazima, waliosoma na wasiosoma, tukafurahi kwamba nimepona. Kuna aliyepiga kigelegele kabisa. Nikikumbuka kile kigelegele natamani kung'ata kitu. Lakini ndivyo tulivyolelewa. Kwetu ugonjwa ni maumivu. Kinachouma tunakimezea, kisichouma si kitu, tunaendelea kulima. Kansa yangu ilikuja kimya, na sisi tulikuwa tunasubiri ipige hodi.

Maharage yakaota, yakachanua, yakakomaa. Na lile nalo likakua. Ngozi ya juu ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu ikaanza kuingia ndani. Anitha akalikataa lile ziwa, ukimpa analisukuma kwa mkono na kugeukia la kulia. Mtoto ambaye hajui hata kusema "maji" alikuwa ameona kabla yetu sote.

Mume wangu Elia ni fundi baiskeli pale mjini, mtu wa maneno machache. Siku nilipomwonyesha aligusa, akaondoa mkono kama amegusa sufuria ya moto.

"Kesho hospitali," akasema. Akalala. Sijui kama alilala.

Kasulu tulikaa benchi mpaka jua likahamia upande wa pili wa jengo. Benchi la hospitali lina tabia yake. Ukikaa mwanzoni unajiona mgonjwa kuliko wote, ukikaa sana unamjua mgonjwa wa kila mtu na jina la ng'ombe wake. Tukaingia kwa daktari kijana, mtu wa Kilimanjaro aliyepangiwa huku.

"Umeliona lini?"

"Mvua za kwanza."

"Mbona hukuja?"

"Lilikuwa haliumi, daktari."

Akaweka kalamu chini. "Mama, lingeuma ungekuja siku ile ile. Hii mara nyingi mwanzoni haiumi. Ndio ujanja wake."

Akatuandikia rufaa ya Mwanza. Kule wakachukua kinyama kidogo kwa sindano wakapeleka maabara, tukarudi nyumbani kusubiri, tukaitwa tena. Daktari wa Mwanza ni mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na sasa nampenda kama ndugu, lakini siku hiyo nilimchukia. Akaniambia ni saratani. Nikamuuliza kama anajua mwanangu wa mwisho ana umri gani. Sijui nilitaka anijibu nini. Akanisubiri nimalize, kisha akasema:

"Devota, sikiliza, nisemayo sasa ukayaseme hivyo hivyo kwenu. Tutalikata. Halafu dripu za dawa ya kansa, moja kila baada ya wiki tatu, mpaka ziishe zote. Ukimaliza zote, una nafasi nzuri. Ukiishia njiani, mimi sina cha kukuahidi."

Elia akauliza swali lake moja: "Zote?"

"Zote, baba."

Hiyo ndiyo habari yangu yote kwa neno moja, na neno lenyewe ni gumu kuliko linavyoandikwa.

Tuliporudi Kasulu, habari ilikuwa imetutangulia, na ilikuwa imeota miguu mingine. Shemeji yangu alipata ujumbe wa sauti kwenye simu, mtu asiyejulikana anasema vidonge vya maumivu vinawaletea wanawake kansa ya matiti. Mama mkwe wangu akaomba ule ujumbe urudiwe tena na tena. Yeye kidonge hajawahi kukipenda. Akakaa sebuleni, kanga imefungwa kiunoni, akasema mbele ya kila mgeni:

"Nilisema mimi. Vidonge, vidonge, vidonge! Mwanamke anameza kama kuku anadonoa mtama. Sasa si hayo?"

Hapo hapo akaingia jirani yetu, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, naye ana ujumbe wake kwenye simu. Wake unasema asprini inazuia kansa ya ziwa.

"Bibi, samahani," akasema kwa adabu zake za pwani, "huku wanasema ni kinga. Kimoja kwa siku."

"Kinga?" mama mkwe akasimama. "Basi huyu angekuwa na kinga ya ukoo mzima!"

"Labda alikuwa anameza vya aina nyingine, bibi."

"Wewe mwalimu, umewahi kuwa na ziwa?"

Nilicheka mpaka nikalia. Hebu ona: kidonge kile kile, kansa ile ile, sebule ile ile. Upande huu kinaleta, upande ule kinazuia. Na mimi mwenye ziwa nimekaa katikati na chai inapoa, nasubiri mshindi. Hakuna aliyeniuliza naogopa nini.

Lakini mama mkwe hakuwa anatania. Alikuwa na mantiki yake, na ukiisikia haraka haraka unaweza kuikubali. Ukiondoa kuni, moto unazima. Kama vidonge ndivyo vilivyoleta, niviache, kansa itakosa chakula, itakufa. Mizizi ya kusafisha damu ingetoka kwa mama mmoja upande wa Muyama. Kisu cha nini? Dripu za nini? Akasema hivyo kwa upole kabisa, ananishika goti, "Mwana wanje, mwanangu, ukikatwa hurudishiwi." Na mimi, naomba uniamini, usiku ule nilitaka awe anasema kweli. Kuacha vidonge ni rahisi. Ningeviacha hata kabla ya kulala.

Elia akasema, "Jumatatu tunaondoka." Tukaondoka.

Nilikatwa mvua za masika zikiwa zimekolea. Nilipozinduka upande wa kushoto ulikuwa na bandeji nene na mrija unaotoa maji mekundu, na maumivu yamekaa pale kama mtu aliyekuja kuhamia. Sista akaja na vidonge viwili na kikombe. Nikafumba mdomo.

"Meza, dada."

"Simezi."

"Unaumwa au huumwi?"

"Naumwa. Simezi. Hivyo ndivyo vilivyonileta hapa."

Nilikaa hivyo mchana kutwa, nimeng'ata shuka, jasho linatiririka, sigeuki, sipumui vizuri. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama wa Kirundi aliyewahi kuishi kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kabla haijafungwa, akawa ananisemesha kwa lugha yake, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu nikawa namwelewa kila neno. Alisema, "Huyu mtoto anataka kumkomesha nani?" Wodi ikacheka. Mimi nikashindwa kucheka, kucheka kunavuta mshono.

Jioni daktari akaja. Alikuwa amepewa habari zote na Elia. Akavuta kiti.

"Haya, uliza. Naona una swali limekuziba koo."

Nikauliza. Nilimuuliza kwa hasira, kama yeye ndiye aliyenigawia pale shambani. "Vidonge vya maumivu, ndivyo vilivyonipa kansa? Ndiyo au hapana?"

"Ningependa nikupe ndiyo au hapana, sina," akasema. "Watu wamelichunguza hilo swali na majibu yao hayajakaa pamoja. Wengine wakaona huenda baadhi ya vidonge vinapunguza hatari kidogo, wengine hawakuona kitu, wengine wakapata wasiwasi. Hakuna mtu duniani anayeweza kukunyooshea kidole wewe Devota akasema ni kile kidonge cha shamba lile. Wala asikwambie mtu umeze asprini kila siku iwe kinga, bila daktari. Tunachokijua vizuri ni kwamba ukimeza ovyo vinaumiza tumbo na figo. Umenisikia? Tumbo na figo. Hilo peke yake linatosha kuacha kuvigawa kama karanga."

"Sasa kwa nini nimepata?"

"Sijui. Wengi wanaolala kwenye kitanda hicho sijui kwa nini. Ninachojua ni kitu kimoja. Kidonge hakikukuponya, lakini kilikupa sababu ya kutokuja. Sasa meza hivi. Nimepima mimi, nimeandika mimi, na kesho lazima uamke utembee ukohoe. Ukiwa umejikaza hivyo utapata homa ya mapafu, halafu mama mkwe wako aseme ni kisu."

Nikameza. Baada ya muda yale maumivu yakasogea, hayakuondoka, yakasogea, nikapata nafasi ya kugeuza shingo na kumtazama yule mama wa Kirundi. Alikuwa bado hajalala. "Ego," akasema, yaani ndiyo, "sasa una akili." Sijawahi kupokea shahada nzuri kama ile.

Dripu ya kwanza nilikwenda nimejiandaa kwa vita, nikaona ni mfuko tu wa maji unadondoka. Vita ilinikuta nyumbani. Ulimi ukawa na ladha ya msumari. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilinitoa nje mbio. Kucha zikageuka rangi ya mkaa. Nywele zilitoka asubuhi moja nikijifunga kilemba, zote zikabaki ndani ya kitambaa, nikamwonyesha Gadi ili asiogope, akasema, "Mama, umekuwa kama babu." Nikamwambia babu yako ni mzuri.

Hayo yote nayachukua. Lililonivunja ni la Anitha. Walisema asinyonye tena hata tone, dawa imo ndani yangu. Mtoto hajui dawa. Alikuwa anakuja mbio, ananivuta blauzi, upande mmoja bandeji, upande mwingine namzuia mkono. Alinitazama kama mtu uliyemfungia mlango na anakuona dirishani. Mama mkwe akamchukua akawa analala naye. Nilishukuru. Sikujua kwamba nimemweka rehani.

Baada ya dripu ya pili nilikuwa siwezi kusimama bila ukuta. Mama mkwe akaja chumbani, amembeba Anitha mgongoni.

"Inatosha," akasema. "Vidonge umeacha, ziwa baya limetoka. Sasa wanakuua na hayo maji. Huendi tena."

"Mama, bado. Walisema zote."

"Ukitaka kwenda, nenda. Mtoto huyu haendi popote, wala hakai na maiti inayotembea."

Nilimwangalia Elia. Alikuwa mlangoni, mikono ina grisi, anatazama chini. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilimpigia kelele ambazo majirani bado wanazikumbuka. Nilimtukana. Kisha nikafunga kilemba changu, nikapanda gari la Kibondo kwa wazazi wangu, bila watoto.

Kwa desturi yetu mke akirudi kwao kwa hasira, mume hawezi kumfuata hivi hivi. Lazima aje na wazee wake, wakae na wazee wa mwanamke, yasemwe ya kusemwa, mtu atozwe, mtu aombe radhi, na hilo ni jambo la wiki na wiki. Wazee hawana haraka. Mimi dripu ya tatu ilikuwa inanisubiri, na sikuwa na wiki za kuwapa wazee.

Baba yangu ni mkulima wa muhogo, mkali, ana sauti kama ya mtu anayemfukuza ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hapa hatumpokei mtu wa kukaa. Tunampokea mtu wa kupumzika kabla ya safari. Mama yako atakupeleka Mwanza. Mambo ya ndoa yana nafasi yake, yatangoja." Mama akanipikia uji mwembamba wa muhogo, akanisimamia mpaka bakuli likawa tupu. Nikatapika. Akapika tena.

Basi la Mwanza linatoka Kasulu, linapita Kibondo kupakia. Asubuhi ile upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza, ule wa baridi kavu, tumesimama stendi, mimi na sweta la baba, mama na kikapu, baba amekuja kutusindikiza. Basi likaingia. Sikuangalia madirisha. Mtu akaniita.

"Mama Gadi! Panda, siti ipo."

Elia. Amekaa upande wa dirisha, shati la kanisani, mikono bado ina grisi, na mapajani mwake Anitha anakula andazi.

Baba ndiye aliyesogea dirishani, amepandisha nyusi.

"Mkwe. Umekuja bila wazee?"

"Ego, baba. Nimekuja na basi."

Stendi nzima ikaangua kicheko. Kondakta aliyekuwa juu ya paa la basi alicheka mpaka akashikilia kamba. Baba alijaribu kukunja uso, akashindwa, akageuka pembeni mabega yanatikisika.

"Wazee watakuja, baba," Elia akaendelea, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mkupuo. "Nitatozwa mtakachotoza. Lakini dripu haiwasubiri wazee."

"Na mama yako?" nikauliza. "Anajua umemchukua mtoto?"

"Anajua. Nimemwambia, kama kweli vidonge ndivyo vilivyokuletea, basi anitoe mimi kwanza, maana dukani kuvinunua nilikuwa naenda mimi. Nikamchukua Anitha."

Akamtoa Anitha dirishani, mama akampokea. Mtoto akabaki Kibondo kwa bibi yake na andazi lake. Mimi nikapanda. Toka Kibondo mpaka Kakonko nilimgeuzia Elia kisogo. Baada ya hapo nililala begani kwake, mdomo wazi, na anasema nilikoroma kama mashine ya kusaga.

Kiangazi chote kilikuwa ni barabara ile. Tunahesabu msimu kwa dripu: hii wamevuna mahindi, hii wanachoma matofali, hii vumbi limefunika migomba mpaka majani yamekuwa mekundu. Kuna dripu ilirudishwa nyuma kwa sababu damu ilikuwa chini, nikautukana ukuta. Kuna usiku wa nyumba ya wageni ambao Elia alinishikia ndoo huku anasinzia, ndoo ikasimama, yeye akaanguka. Wazee wakakaa kikao Kibondo bila mimi, wakatoza mbuzi, wakamla, nami nikarudi kwangu Kasulu na Anitha. Na mama mkwe, mwezi wa baridi kali, akaja mlangoni kwangu na kibuyu cha uji, akakiweka, akakaa. Hakuomba radhi. Mama mkwe wangu haombi radhi, analeta uji. Nikanywa. Akatazama kichwa changu kipara muda mrefu, akasema, "Una kichwa kizuri. Cha mviringo." Nikaona uji huo umetusuluhisha kuliko ule mbuzi.

Na mawingu yalipoanza kujikusanya tena juu ya vilima, wakaning'iniza dripu ya mwisho. Ya mwisho! Nilimtazama yule sista anachomoa sindano, anabandika pamba, nikamuuliza, "Ndio imeisha?" Akasema, "Hii imeisha." Nikamuuliza, "Zote?" Akasema, "Zote, Devota, acha kunishika mkono." Nilipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja mbio kutoka getini. Daktari akatoka chumbani kwake kunigombeza, akaniona, akarudi ndani akicheka.

Bado nina safari za kupimwa. Hawajaniambia nimepona milele, na mtu akikuambia hivyo mwulize amejuaje. Lakini vipimo vya juzi ni visafi. Visafi!

Na siku hiyo ya vipimo ndipo nilipomkuta mwenzangu. Nipo benchi, nasubiri kuitwa, pembeni yangu dada mmoja mdogo kuliko mimi, bahasha ya rufaa imeloa jasho mkononi, begi mapajani, anachungulia mlango wa kutokea. Namjua mtu anayetaka kukimbia, nimekuwa mmoja wao.

"Unatoka wapi, mdogo wangu?"

"Kakonko."

"Ziwa?"

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema kwa haraka, "Lakini mimi nadhani nitarudi tu. Nilikuwa nameza sana vya maumivu, wamesema ndivyo. Nimeshaacha. Hata haliumi."

Nilihisi damu inapanda mpaka kwenye hizi nywele mpya. Sikuwa na muda wa hotuba, wala sijui kutoa hotuba. Nikafungua vifungo vya blauzi pale pale, mbele ya benchi zima, nikamwonyesha upande wa kushoto: mshono umenyooka, ngozi tambarare, nzima, yangu.

Mzee mmoja akakohoa akageukia ukutani. Yule dada hakugeuka. Akanyoosha kidole, akagusa mwisho wa mshono, taratibu, kama anapima kama chuma kimepoa.

"Linauma?" akaniuliza.

"Liliuma. Nikameza walichoniandikia. Sasa nipo."

Nikachukua begi lake nikaliweka chini, nikalikalia.

"Dada, begi langu!"

"Ukitoka kwa daktari nitakupa."

"Nina andazi humo ndani!"

"Utalila limebonyea."

Akacheka, machozi yanamtoka, anacheka. Mlango ukafunguka, sista akasoma jina, jina si langu. Dada wa Kakonko akanitazama, akatazama mlango wa kutokea, akatazama begi lake chini yangu. Akasimama.

Akaingia.